Kombaini mbili, shamba moja: jinsi ya kulinganisha kazi na mafuta kabla hujalipa

Wengi wanaolima ngano Narok, Mau Narok au Timau huku wakiishi Nairobi huchagua kombaini, yaani mashine ya kuvuna na kupura, kwa kusikia. Muuzaji wa Barabara ya Mombasa atakutajia nguvu za farasi, upana wa kichwa cha kukatia na ukubwa wa tangi. Mkandarasi atakuambia kwa simu kwamba mashine yake inamaliza ekari 40 kwa siku. Huenda wote wawili wanasema kweli, na bado hujajua gunia moja litakula dizeli kiasi gani, wala kilo ngapi za ngano yako zitabaki chini zikingoja mvua zichipue.

Tarakimu hizo unaweza kuzipata mwenyewe. Vifaa ni fremu ya mbao ya sentimita 50 kwa 50, mizani ya jikoni inayosoma gramu, tepu ya mita, jerikeni yenye alama za lita, saa ya simu na daftari. Kinachohitajika zaidi ni subira ya siku mbili shambani, na msimamo wa kutokubali kulinganisha mashine kwa kipimo kisichofaa.

Kipimo kinachofaa kwa maoni yangu ni kimoja: lita za dizeli kwa kila gunia lililoingia kwenye lori, mashine zote zikiwa kwenye kiwango kilekile cha hasara. Maneno ya mwisho ndiyo yanayosahaulika. Dereva yeyote anaweza kukanyaga mafuta, akapita shamba mbio na kumwaga ngano nyuma. Saa zitaonekana chache na lita kwa ekari zitaonekana nzuri, lakini wewe ndiye uliyelipia mbegu, mbolea na dawa ya ugonjwa wa kutu.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya shamba kabla ya kutazama mashine

Tuseme una ekari 500. Kwenye nyanda za Mau umande huchelewa kukauka, kwa hiyo mara nyingi huwezi kuingia shambani kabla ya saa tano asubuhi. Ukivuna hadi saa kumi na mbili jioni, una saa 7 kwa siku. Ukiamini utapata siku 15 kavu kabla mvua haijaharibu mambo, hizo ni saa 105. Gawanya ekari 500 kwa saa 105: unahitaji mashine inayomaliza takribani ekari 4.8 kwa saa, kusubiri lori kukiwa ndani ya hesabu hiyo.

Tarakimu hii iandike ukurasa wa kwanza wa daftari. Mashine ndogo kuliko hapo itakuachia ngano mvuani hata ikiwa haili mafuta. Mashine kubwa mara mbili yake itakuwa na injini nzito inayozunguka bila mzigo wa kutosha, na mafuta hayo yanachomeka bure. Mwenye ekari 60 asishawishike kununua mashine mpya kwa sababu jirani ana moja. Akodi, kisha atumie hatua zilizobaki kumchagua mkandarasi.

Hatua ya 2: Jua mashine inapura vipi

Kombaini zote hukata, hupura, hutenganisha na kupepeta. Tofauti kubwa iko kwenye kutenganisha. Aina ya kwanza ina dramu ya kupura iliyolala kukingama mbele, na nyuma yake vitikisio vinavyorusharusha mabua ili punje zilizosalia zianguke. Dominator ya Claas na mashine za TC za New Holland ni za namna hiyo. Aina ya pili ina rota, yaani silinda ndefu inayozunguka, mabua yakizungushwa kandokando yake mara kadhaa kabla ya kutoka. New Holland ilitoa TR70 yenye rota mbili mwaka 1975, na International Harvester ikafuata na Axial-Flow mwaka 1977. Jina hilo bado liko kwenye mashine za Case IH. Zipo pia zinazochanganya mbinu hizo mbili, yaani dramu mbele na rota nyuma.

Kwenye mafuta, tofauti inaonekana hivi. Mashine ya vitikisio haihitaji nguvu nyingi, na mabua yanatoka marefu, yanafaa kufungwa marobota. Lakini vitikisio vina kikomo: ukipita mwendo fulani hasara haipandi polepole, inaruka. Mashine ya rota hubeba mzigo mkubwa zaidi kabla ya kufika huko, na huvunja punje chache, ila mabua yakiwa na unyevu rota hudai nguvu nyingi na dizeli hupanda. Tena mabua hutoka yamekatikakatika. Kama unauza marobota kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, mapato hayo yaingie kwenye hesabu.

Matrekta yana bahati moja ambayo kombaini hazina. Jimbo la Nebraska, Marekani, limekuwa likiyapima na kuchapisha matokeo tangu mwaka 1920 kwa nguvu ya sheria. Kwa kombaini kuna utaratibu wa kimataifa wa kupimia, ISO 8210, lakini mnunuzi wa Nairobi hawezi kutegemea kila mashine anayoonyeshwa iwe na matokeo ya shamba linalofanana na lake. Ndiyo maana kazi inarudi kwako.

Hatua ya 3: Hesabu ya karatasini

Kabla ya kulipia nauli ya kwenda kutazama mashine, fanya hesabu hii. Zidisha upana wa kichwa kwa mita na mwendo kwa kilomita kwa saa, kisha gawanya kwa 10. Hapo una hekta kwa saa, kama mashine isingesimama hata kidogo. Kichwa cha mita 6 kwa mwendo wa kilomita 5 ni hekta 3, yaani ekari 7.4 kwa saa.

Lakini mashine husimama. Hugeuka mwisho wa shamba, humwaga nafaka, huondoa mabua yaliyokwama. Muda wa kuvuna hasa kwa kombaini kwa kawaida ni asilimia 65 hadi 80 ya muda wote wa shambani. Chukua 70, na zile ekari 7.4 zinakuwa 5.2. Linganisha sasa na ile tarakimu ya ukurasa wa kwanza.

Kumwaga ndiko kunakokula muda kuliko watu wanavyodhani. Tangi la lita 6,000 huchukua karibu tani 4.6 za ngano, yaani magunia 51 ya kilo 90. Kwa mfano wetu, shamba likitoa magunia 15 na kidogo kwa ekari, tangi hujaa baada ya dakika 27 hivi za kuvuna. Ikiwa lori haliwezi kusogea kando ya mashine kwa sababu ya mteremko, na dereva anatumia dakika 7 kwenda na kurudi ukingoni, moja ya tano ya muda imekwisha kabla hujahesabu kona hata moja. Kabla ya kulipia mashine yenye nguvu zaidi, uliza kama tela la kusogea kando yake wakati inavuna lingemaliza tatizo kwa pesa kidogo.

Hatua ya 4: Pima kwenye shamba lako

Maonyesho ya kimataifa ya biashara pale Jamhuri Park yanafaa kwa jambo moja: kupanda juu ya mashine na kuona fundi atafikaje kwenye kichujio cha hewa, mikanda na nipeli za grisi. Hesabu nipeli hizo. Mashine inayochukua saa nzima kutiwa grisi kila asubuhi imekupunguzia ekari tano. Zaidi ya hapo, mashine iliyosimama kwenye nyasi za Jamhuri haikuambii kitu kuhusu mafuta.

Sababu mojawapo ni kimo. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mashamba ya Mau Narok yako juu ya mita 2,500. Huko hewa ni nyepesi kwa karibu robo kuliko ya pwani. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, na dereva hujaribu kuifidia kwa kukanyaga zaidi huku moshi mweusi ukitoka. Moshi huo ni dizeli uliyoilipia ambayo haikuungua vizuri. Injini yenye turbo haiathiriki kiasi hicho. Kwa mashine kuukuu zinazoletwa kutoka Ulaya, hili ni jambo la kwanza kuuliza.

Chagua kipande kimoja chenye ngano ya aina moja, Robin kwa Robin au Eagle 10 kwa Eagle 10, iliyokauka sawa na isiyolala. Kigawe vipande vyembamba, mashine ya kwanza ichukue kimoja, ya pili kinachofuata, hivyo hivyo hadi mwisho. Kama kuna mteremko, kila mashine ivune ikipanda na ikishuka. Usikubali moja ianze asubuhi na nyingine mchana: mabua ya asubuhi yana unyevu na huvuta nguvu zaidi, kwa hiyo mashine iliyotangulia itaonekana mlafi bila kosa lake.

Mambo mengine matatu yawe sawa. Kimo cha kukata, kwa sababu kadiri unavyokata chini ndivyo mabua mengi yanavyopita ndani ya mashine na kula dizeli. Kikatio cha mabua cha nyuma, ama kiwashwe kwenye mashine zote ama kizimwe kote. Kile kifaa kinavuta sehemu kubwa ya nguvu, na ukiwa unafunga marobota hukihitaji. Na makali ya visu: visu butu kwenye mashine moja vinatosha kuharibu ulinganisho wote.

Hatua ya 5: Hesabu punje zilizoanguka

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo pesa zilipo.

Kwanza hesabu punje 1,000 za ngano yako na uzipime. Mara nyingi zitakuwa gramu 35 hadi 45. Tuchukue 40. Kwa uzito huo, punje 100 kwenye mita moja ya mraba ni gramu 4, na kwa ekari nzima ni kilo 16. Fremu yako ya sentimita 50 kwa 50 ni robo ya mita ya mraba, kwa hiyo kila punje 25 unazoziona ndani yake ni kilo 16 kwa ekari. Iandike hiyo kwenye jalada la daftari.

Sasa mwambie dereva avune kwa mwendo wake wa kawaida, katikati ya kipande, kisha asimame ghafla, arudi nyuma mita chache, azime injini na kuutoa ufunguo. Usikaribie kichwa cha kukatia wala nyuma ya mashine kabla ufunguo haujawa mkononi mwako. Watu hupoteza mikono kwenye mashine hizi.

Mbele yako kuna sehemu tatu. Ya kwanza ni ngano ambayo bado imesimama: weka fremu chini ya masuke na uhesabu punje zilizoanguka zenyewe kwa upepo na ndege. Hizo si za mashine. Ya pili ni pale kichwa kilipokwisha kukata lakini mabua ya nyuma hayajafika: hesabu, ondoa zile za kwanza, kinachobaki ni hasara ya kichwa. Ya tatu ni juu ya mstari wa mabua yaliyotoka nyuma. Yainue polepole, uyakung'ute ndani ya fremu, upekue makapi kwa vidole, na uhesabu kila punje pamoja na zilizobaki ndani ya masuke ambayo hayakupurwa.

Usisahau kugawanya hasara ya nyuma. Mashine imekata upana wa mita 6 lakini imemwaga mabua kwenye mstari wa mita 1.5, kwa hiyo punje za mita nne zimekusanyika kwenye mita moja. Mfano: ngano iliyosimama ina punje 10 kwa mita ya mraba, sehemu ya kichwa ina 30, na kwenye mstari kuna 230. Hasara ya kichwa ni 20. Hasara ya nyuma ni 230 ukiondoa 30, yaani 200, gawanya kwa 4, unapata 50. Jumla ni punje 70, sawa na kilo 11 na kidogo kwa ekari. Kwa shamba la kilo 1,400 kwa ekari hiyo ni chini ya asilimia 1, na ni kazi nzuri. Ikipita asilimia 2, mashine inahitaji kurekebishwa au dereva apunguze mwendo.

Rudia mahali kadhaa, kwa sababu fremu moja inaweza kudanganya. Dereva akikuambia, "Bosi, hizo ni za ndege tu," mwonyeshe hesabu ya sehemu ya kwanza. Za ndege umeshaziondoa.

Hesabu hii inakuambia pia tatizo liko wapi. Punje nyingi kwenye sehemu ya kichwa ina maana rili, lile gurudumu la kusukumia masuke kwenye visu, inazunguka mbio kuliko mwendo wa mashine, au visu ni butu. Masuke yenye punje ndani yake yakitoka nyuma, dramu inazunguka polepole au nafasi ya wavu ulio chini yake ni kubwa mno. Punje huru nyingi zilizochanganyika na makapi zinaonyesha feni inapuliza kupita kiasi au chekeche zimefungwa. Punje huru ndani ya mabua marefu zinaonyesha vitikisio vimezidiwa, na dawa ya hilo ni mwendo mdogo. Mpe kila dereva nafasi ya kurekebisha na upime tena. Unalinganisha mashine, na mashine iliyopangwa vibaya haijapata nafasi ya kujieleza.

Baada ya marekebisho, tafuta mwendo ambao kila mashine inafikia hasara ileile, tuseme asilimia 1. Mwendo ni rahisi kuupima: pima mita 100 kwa tepu, hesabu sekunde ambazo mashine inazichukua kuzipita, gawanya 360 kwa sekunde hizo. Sekunde 72 ni kilomita 5 kwa saa. Mwendo huo ndio utakaotumika kwenye kipimo cha mafuta.

Hatua ya 6: Pima dizeli

Skrini ndani ya kibanda cha mashine mpya huonyesha lita kwa saa. Itumie kama dokezo, usiitumie kama ushahidi. Njia ya kuaminika ni ya tangi kujazwa hadi pomoni mara mbili: kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, mashine ikiwa imesimama mahali palepale, kwenye ardhi tambarare, ikielekea upande uleule. Weka vijiti vinne chini kuonyesha matairi yalipokaa. Jaza, subiri povu litulie, jaza tena hadi alama. Kinachoongezwa jioni ndicho kilichoungua.

Uangalifu huo una sababu. Tangi ambalo uso wake wa juu ni nusu mita ya mraba likitofautiana sentimita moja tu, hizo ni lita 5. Kwenye kipimo cha ekari 10 zinazokula lita 70, kosa la lita 5 ni asilimia 7, na hiyo inaweza kuwa ndiyo tofauti nzima kati ya mashine mbili. Kwa hiyo mafuta yapimwe kwa kazi ya siku nzima, ekari 30 au 40. Hasara unaweza kuipima kwenye kipande kidogo, mafuta hayakubali.

Andika pia saa za injini na saa za kupura. Mashine nyingi za miaka ya karibuni zina mita mbili, moja ikihesabu injini inapozunguka, nyingine ikihesabu dramu inapofanya kazi. Tofauti yake ni muda wa kusafiri, kungoja na kuunguruma bure. Kwa mashine kuukuu, muuzaji akikutajia saa, muulize ni zipi kati ya hizo mbili. Injini yenye saa 4,000 na dramu yenye saa 2,800 ni jambo la kawaida. Ukitajiwa moja tu bila kuonyeshwa mita, panda mwenyewe ukasome.

Ekari nazo zisikisiwe. Zunguka kipande ukiwa na simu yenye programu ya kupima eneo, au tumia tepu. "Hapa ni kama kumi" si kipimo.

Hatua ya 7: Pima nafaka na unyevu wake

Peleka lori kwenye mizani likiwa tupu na likiwa limejaa. Chukua sampuli ya kila mashine na uipime unyevu siku hiyohiyo, kisha ulinganishe uzito kwa unyevu mmoja. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18 ni kilo 94 tu zikikaushwa hadi 13. Bila kurekebisha hilo, mashine iliyovuna ngano mbichi itapata sifa za maji.

Tazama pia sampuli yenyewe kwenye kiganja. Punje zilizovunjika na makapi hupunguza bei kwa wenye vinu, na ni dalili ya dramu inayozunguka mbio kupita kiasi, jambo ambalo nalo linakula dizeli.

Hatua ya 8: Weka tarakimu pamoja

Tuchukue mashine mbili, kwa tarakimu za mfano. Shamba lina kilo 1,400 kwa ekari.

Ya kwanza ni kubwa, kichwa cha mita 6, inamaliza ekari 5.2 kwa saa na kuchoma lita 38 kwa saa. Hiyo ni lita 7.3 kwa ekari. Inapoteza kilo 12 kwa ekari, kwa hiyo lorini yanaingia magunia 15.4. Ya pili ni ndogo, kichwa cha mita 4.5, mwendo wa kilomita 4.5, na muda wa kuvuna hasa ni asilimia 75. Inamaliza ekari 3.75 kwa saa kwa lita 24, yaani lita 6.4 kwa ekari. Inapoteza kilo 50, na lorini yanaingia magunia 15.

Kwa lita peke yake ndogo imeshinda. Kwa ekari imeokoa karibu lita moja ya dizeli, na imekuachia kilo 38 zaidi chini. Weka hapo bei ya ngano ya leo kwa kilo na bei ya dizeli ya mji ulio karibu na shamba, ambayo EPRA, mamlaka ya nishati, huitangaza tarehe 14 ya kila mwezi, na utaona uokoaji huo ulikuwa wa aina gani.

Sasa ipunguze mwendo ile ndogo hadi nayo ipoteze kilo 12. Tuseme inashuka hadi kilomita 3.2. Ekari kwa saa zinakuwa 2.7 hivi. Dizeli kwa saa haishuki sana, labda hadi lita 22, kwa sababu dramu, feni na vitikisio vinaendelea kuzunguka vilevile iwe kuna ngano nyingi au kidogo. Gawanya: lita 8.2 kwa ekari. Kwa gunia, ndogo inatumia lita 0.53 na kubwa 0.47. Mpangilio umegeuka, na ekari zako 500 zingeichukua ndogo siku 27 badala ya 14.

Kwenye shamba lako huenda ikawa kinyume, hasa kama ngano ni nyepesi, magunia 8 kwa ekari. Hapo mashine kubwa haipati mzigo wa kutosha na ndogo hufanya kazi kwa raha bila kumwaga. Kwa hiyo matokeo ya jirani yako wa Timau usiyapeleke Narok kama yalivyo.

Hatua ya 9: Ongeza gharama ya kusimama

Ngano ya Narok na ya Uasin Gishu haivunwi mwezi mmoja. Wakandarasi huhama na mashine kufuata msimu, na kufika kwako zimechoka. Uliza mikanda na beringi zilibadilishwa lini. Mkanda ukikatika Narok, spea ikiwa Industrial Area, hata ukitumwa na matatu ya kwanza umepoteza nusu siku. Ukiwa unanunua, pita dukani kwa ajenti ukiwa na orodha ya vitu vinavyokatika mara kwa mara, visu, mikanda, minyororo, vichujio, na uombe kuviona rafuni. Ahadi kwamba vitaagizwa iandike kama kutokuwepo.

Mashine yenye mafuta mazuri lakini isiyo na spea Nairobi mimi singeinunua, hata bei ikiwa ya kuvutia. Siku tatu za kusimama katikati ya Agosti zinafuta dizeli yote iliyookolewa msimu mzima.

Hatua ya 10: Yaingize kwenye mkataba

Ukilipa kwa ekari, dereva ana sababu ya kukimbia. Ukilipa kwa gunia, ana sababu ya kukusanya kila punje, lakini hakikisha magunia yanapimwa, yasijazwe nusunusu. Mimi hupendelea gunia lililopimwa. Vyovyote mtakavyokubaliana, andikeni kiwango cha juu cha hasara, asilimia 2 kwa mfano, kwamba fremu itawekwa asubuhi baada ya kuanza na tena mchana, na kwamba ikizidi mashine itasimama irekebishwe kwa muda wa mkandarasi. Mfundishe msimamizi wa shamba kuhesabu, na kila mara akutumie picha ya fremu ikiwa chini pamoja na ukurasa wa daftari, ili hata ukiwa kazini mjini ujue kinachoendelea.

Andikeni vilevile nani analipia dizeli inayoungua mashine ikingoja lori. Kama lori ni lako na limechelewa, ni haki ulipe wewe. Kama ni lake, iwe juu yake, na mita ya saa za injini isomwe na wote wawili asubuhi na jioni, kila mmoja akitia sahihi.